Dakika Nne Katika Ukumbi wa Seva

Hospitali iliambiwa nusu saa tu. Jumamosi hiyo wauguzi walikuwa wamejipanga na kalamu na makaratasi, wakijua kwamba saa tatu na dakika kumi asubuhi kompyuta zao zingezimika, na kabla ya saa nne zingerudi zikiwa na nguvu zaidi. Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Mama mmoja mwenye uvimbe tumboni, ambaye alikuwa amekwisha kuvalishwa gauni la upasuaji, alirudishwa wodini akilia kimyakimya, kwa sababu hakuna daktari aliyeweza kufungua picha zake wala kujua ni dawa gani ambazo mwili wake hauzitaki. Hospitali nzima ya misheni mjini Thika ilikuwa haikumbuki mgonjwa hata mmoja.

Kumbukumbu zenyewe hazikukaa Thika. Zilikaa Ruiru, katika ukumbi wenye baridi kali nyuma ya maduka ya mabati na misumari, ndani ya seva moja yenye kimo cha kabati la nguo. Seva hiyo ilipangwa kama ploti za kukodisha zilizojaa Ruiru: jengo ni moja, lakini ndani kuna kuta, na kila mpangaji ana mlango wake na mita yake ya stima. Vyumba vya seva vilikuwa bodi, yaani vile vibao vizito vinavyobeba prosesa na memori. Bodi nne zilikuwa za mpangaji ambaye mafundi walimwita Hospitali. Tatu zilikuwa za Maziwa, chama cha wafugaji. Moja ilikaa bure, na kazi ya Jumamosi ilikuwa kuichukua hiyo moja na kumwongezea Hospitali, ambaye nyumba ilikuwa imeanza kumbana.

Aliyepewa kazi hiyo alikuwa Wavinya, fundi wa miaka thelathini na moja. Alipomwasha Hospitali baada ya kusogeza ukuta, Hospitali hakuinuka. Wavinya akasoma skrini mara mbili, mara tatu. Bodi ya msingi, ile ambayo mpangaji huanzia kuamka, ilikuwa imeondolewa na kusukumwa kwa Maziwa. Mbele ya amri hiyo palikuwa na jina la mtu aliyeitoa, nalo lilikuwa jina lake mwenyewe.

Alinyoosha mkono airudishe, lakini mkuu wa ukumbi, Mzee Njau, akamzuia. Alimwambia aache kabisa asije akaharibu zaidi, kisha akaenda kuzungumza na wenye kampuni kwa simu. Alirudi saa tano na nusu, akaketi, na baada ya robo saa Hospitali alikuwa hai. Hapo ndipo watu walipoanza kumshukuru. Wauguzi walimshukuru, wenye kampuni walimshukuru, na Jumapili baada ya ibada hospitali ikamletea keki yenye jina lake kwa krimu ya bluu. Wavinya yeye alipelekwa kituo cha polisi, akaandika maelezo, akaachiliwa kwa dhamana ya polisi. Kufikia Jumatatu ilikuwa imeamuliwa kwamba Jumanne asubuhi angesimamishwa mbele ya hakimu mjini Thika kwa kuhujumu mtambo wa hospitali.

Faili ilimwangukia Inspekta Kitheka, na Kitheka alikuwa na shida moja na faili hiyo. Miaka miwili iliyopita aliletwa katika hospitali hiyohiyo akiwa hajitambui, na muuguzi akamfungulia rekodi zake kwenye kompyuta dakika ileile ambayo sindano ilikuwa imekwisha kutiwa dawa. Rekodi ilisema dawa hiyo ingemuua. Tangu siku hiyo Kitheka alikuwa mtu wa kushukuru. Alimshukuru muuguzi, daktari, dereva wa ambulensi, mpishi wa uji wa wodini. Kituoni walimtania kwamba siku moja atamshukuru mwizi kwa kuja bila pingu. Ila hakuwahi kufikiria kwamba kuna mtu Ruiru aliyekaa na ile mashine usiku na mchana ili isilale. Sasa alimjua, na alitakiwa kumfikisha kortini. Alijiambia ashike adabu, shukrani aiweke mfukoni kwanza, maana polisi anayeingia kazini akiwa amekwisha kumpenda mshukiwa ni polisi wa hovyo.

Alianzia Makongeni, katika nyumba ndogo ambamo Wavinya aliishi na mama yake, Syokau. Saa tatu asubuhi ya Jumatatu msichana alikuwa amevaa tayari kama mtu anayengoja kuitwa, macho yamevimba. Kitheka alimshukuru kwa kiti, akamshukuru kwa kumfungulia mlango, kisha akamwomba amweleze kama anavyomweleza mtu asiyejua kitu.

“Amri ya kusogeza bodi ni kama notisi ya kuhama, afande,” Wavinya alisema. “Unaiandika sasa hivi, mashine inaikubali, lakini hakuna kitu kinasogea. Ukuta unasogea tu wakati unamzima mpangaji kabisa na kumwamsha kwa mpango mpya.”

“Kwa hiyo mtu anaweza kuandika amri mbaya, na hakuna dalili yoyote mpaka mwingine azime?”

“Ndiyo. Na mimi ndiye nilizima.”

Aliendelea kwa sauti ya chini. Saa tatu na dakika nane aliandika amri moja, ya kuongeza ile bodi ya akiba. Saa tatu na dakika kumi na mbili akamzima Hospitali. Mashine ilionyesha kwamba saa tatu na dakika kumi na moja iliandikwa amri ya pili, ya kuondoa bodi ya msingi, na iliandikwa kwenye kibodi ileile ya ukumbini, kwa jina lake, kwa kuwa ni yeye aliyekuwa ameingia na paswadi yake. Alipogeuka kuzima, skrini ilikuwa safi.

“Kati ya dakika ya nane na ya kumi na mbili, ulifanya nini?”

“Hakuna kitu.”

“Ulitoka nje kidogo? Simu?”

“Sikutoka. Sote wanne tulikuwa hapo: mimi, Mzee, Awiti na Simeon. Hakuna mtu alitoka, hakuna mtu aliingia.” Alifuta uso kwa kiganja. “Afande, nimeanza kufikiri labda ni mimi. Labda vidole vyangu viliandika kitu akili ikiwa mbali. Mzee ameniambia hutokea. Ameniambia nikikubali ni makosa tu, watanihurumia.”

Kitheka alitaka kumwambia jambo lililokuwa limemjaa kifuani, akajizuia, akanywa chai. Alipotoka, mama mtu alimsindikiza hadi kwenye geti la ploti. Syokau hakuwa mtu wa kulia mbele ya wageni. Alisema tu kwamba mtoto wake hawezi kuharibu kazi ambayo Mzee Njau alimfundisha, kwa maana anamwona kama baba. Alipomaliza chuo kila ofisi ilimfungia mlango, na ni Njau aliyemchukua na kumfunza kila kitu bila kumficha hata kidogo.

“Juzijuzi huyo mkubwa wao wa Nairobi alimwita akamwambia kuanzia Januari yeye ndiye atasimamia huo ukumbi,” Syokau alisema. “Unajua alijibu nini? Alisema hataki, mpaka waahidi mzee atabaki hapo awe mshauri wake. Nilimwambia wewe ni mjinga. Akasema, mami, mimi bila huyo mzee ningekuwa wapi?”

Kitheka alimshukuru mara mbili, na mara ya pili Syokau akamtazama kwa wasiwasi kidogo.

Saa sita kasoro robo alikuwa Ruiru. Mzee Njau alimpokea mwenyewe. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, nywele zimekuwa mvi zote, shati limepigwa pasi mpaka kwenye mikunjo ya kola. Keki ilikuwa mezani, imebaki nusu. Njau akakata kipande kwa mkono wa kushoto na kumsogezea mgeni, huku akiomba radhi kwa mkono huo. Alizaliwa hivyo, alisema, na viboko vyote vya shule ya msingi havikuweza kuubadilisha. Kitheka akacheka, akala. Keki ilikuwa tamu na aliisifu kwa moyo.

Mzee hakumsema Wavinya vibaya. Alisema ni msichana mzuri ila amechoka, na uchovu si ubaya wa moyo. Kuhusu zile dakika nne alisema walikuwa wamesimama tu, wakingoja. Kitheka akauliza kwa upole ni kwa nini kazi ya robo saa ilingoja mpaka saa tano na nusu, na yule mama ameshavalishwa gauni. Njau akaweka kisu chini. Alieleza kwamba ilibidi kwanza apate ruhusa ya wenye kampuni, maana mashine ya watu haishikwi ovyo. Lilikuwa jibu zuri, na Kitheka alimshukuru kwalo.

Awiti, fundi wa mtandao, hakuwa na majibu mazuri hata moja. Alikuwa kijana mrefu, goti halikutulia. Ilijulikana kwamba Ijumaa alirushiana maneno na Wavinya kuhusu zamu, na kwamba Jumamosi hiyo, wenzake wakihangaika, alizima simu na kutoweka.

“Ulikuwa wapi?” Kitheka aliuliza.

“Nilikuwa tu na shughuli.”

“Awiti, kuna msichana wa watu anaenda kortini kesho. Shughuli gani?”

Goti likasimama. “Nilikuwa Chania, ile hoteli iko kando ya maporomoko. Kuna kampuni ingine ya data inataka kuniajiri, tulikutana huko. Afande, tafadhali, Mzee asijue. Atasema ni mimi nimeuza watu.”

Kampuni shindani, mtu wake ndani ya ukumbi, na mtambo kuanguka siku hiyohiyo: Kitheka aliyapanga hayo kichwani na hakuyapenda jinsi yalivyokaa vizuri. Alipiga simu hotelini, na mhudumu akathibitisha kwamba kijana alikuwapo, tena kwamba miadi ilikuwa imewekwa wiki moja kabla. Hilo halikumtoa Awiti kwenye shaka. Zile dakika nne aliulizwa naye pia. Alisema hakuna kitu kilifanyika, walikuwa tu hapo.

Wa mwisho alikuwa Simeon, msimamizi wa umeme na viyoyozi, shemasi kanisani kwao, mtu wa tumbo na tabasamu. Kitheka alipomnyooshea mkono, Simeon akampa kifundo badala ya kiganja, jinsi watu wanavyofanya mikono yao ikiwa na oili au unga. Kitheka akashika kifundo, akadhani ametoka kwenye jenereta. Simeon naye aliulizwa, naye akajibu kwamba katika dakika hizo hawakufanya kitu.

Watu wanne, jibu moja. Kwa kawaida jibu moja kutoka kwa watu wanne humfanya polisi anuse njama, lakini hawa hawakuwa na sura ya watu waliokubaliana. Walijibu kama mtu anayeulizwa alipumua mara ngapi. Kitheka akaomba aonyeshwe seva yenyewe ikifunguliwa. Njau alikuwa kwenye simu na Nairobi, mlango wa kioo wa ofisi umefungwa, akaashiria kwa kidole waende bila yeye.

Ukumbini feni zilikuwa zinanguruma kiasi kwamba mtu alilazimika kuinua sauti. Seva ilisimama katikati, na kando yake, kwenye kimeza cha magurudumu, kulikuwa na skrini na kibodi. Awiti alitoa ufunguo wa kabati. Simeon akamzuia kwa kumgusa bega.

“Tuombe kwanza,” alisema.

Awiti akarudisha ufunguo mfukoni bila neno, akamshika Kitheka mkono wa kulia. Kitheka akanyoosha wa kushoto kwa Simeon, na Simeon akaurudisha mkono wake nyuma.

“Samahani, afande. Shika hapa juu. Kiganja kiko na malengelenge.”

Wakafumba macho. Simeon akaomba. Aliombea mashine, akaombea mikono itakayoigusa, akaombea wagonjwa wa Thika kwa majina ya wodi zao, akamwombea Wavinya kwa muda mrefu, akamwombea na mgeni. Kitheka alikuwa mcha Mungu na macho yake yalikuwa yamefumbwa kwa dhati. Alikuwa katikati ya kusema amina moyoni, alipogundua kwamba kwa muda huo wote hakujua chochote kinachoendelea ndani ya chumba hicho. Feni zilikuwa zinanguruma. Mtu angeweza kuihamisha meza na asisikie.

Baada ya amina Kitheka hakungoja kabati lifunguliwe.

“Jumamosi mliomba?”

Wakamtazama kana kwamba ameuliza kama walikuja wamevaa viatu.

“Kila mara,” Simeon alisema. “Hatuwezi kuzima mpangaji bila kuomba.”

“Wavinya akishaandika amri, kabla ya kuzima?”

“Hapo ndiyo kawaida yetu.”

“Mbona hamkuniambia? Nimewauliza wote mlifanya nini.”

Awiti alikuna kichwa. “Afande, uliuliza kama kuna kitu tulifanya. Hayo ni maombi.”

Kitheka aliona haya kidogo, kwa sababu hata yeye asingeyataja. Akaomba wamwonyeshe jinsi walivyosimama. Siku hiyo Awiti alikuwa amemshika Wavinya kwa mkono wa kushoto na Simeon kwa wa kulia. Upande wa pili wa Wavinya alikuwa Njau. Njau, basi, alikuwa kati ya Wavinya na Simeon, na kile kimeza chenye kibodi kilikuwa kati ya Njau na Simeon, karibu kabisa na viuno vyao. Kitheka alimpigia Wavinya simu palepale, akamuuliza jambo moja tu. Wavinya alijibu kwamba mkono wake wa kulia alikuwa nao Awiti, na wa kushoto alikuwa nao Mzee, na wote wawili hawakumwachilia mpaka amina. Basi Wavinya na Awiti hawakuwa na mkono wa kuandikia.

“Na huu wako?” alimuuliza Simeon.

Simeon alivuta mkono wa sweta. Kiganja cha kulia kilikuwa chekundu, kimejaa malengelenge yaliyoanza kupasuka. Jumamosi alfajiri alikuwa akimsaidia mkewe kukaanga mandazi, mafuta yakamrukia. Hakumwambia mtu. Mtu mzima haji kazini kulialia kwa sababu ya mandazi, alisema, na wakati wa maombi aliuweka mkono kifuani, ndani ya sweta, hakumpa mtu yeyote.

“Upande huo alikuwa Mzee?”

“Ndiyo, Mzee.” Simeon aliitazama kibodi. Alikuwa ameanza kuelewa kwamba maneno yake yamebakiza watu wawili waliokuwa na mkono mmoja huru kando ya kibodi, na kwamba mmoja wao ni yeye. Jasho lilimtoka katika ile baridi. “Afande, mimi nilikuwa naomba.”

“Nimekusikia ukiomba,” Kitheka alisema. “Asante kwa kuniambia ukweli. Usimwambie mtu mwingine kuhusu huo mkono kwa sasa.”

Alitoka nje, akasimama kando ya lori la mabati, akampigia mkurugenzi wa kampuni huko Nairobi, mama aliyeitwa Wanja. Wanja alikiri kwamba Alhamisi alimpigia Njau kumwambia kuwa Januari atapumzika na Wavinya atachukua ukumbi. Kitheka akauliza kama alimwambia na lile sharti la Wavinya. Wanja alisema alitaka kuliweka mpaka sherehe ya kumuaga, liwe jambo la kumfurahisha. Kisha Kitheka akamwomba Wavinya aje Ruiru.

Walikutana ofisini kwa Njau saa tisa alasiri. Wavinya alikaa karibu na mlango na mkoba wake magotini. Awiti aliegemea ukuta. Simeon alisimama, mikono ya sweta imeshuka hadi vidoleni. Njau alimwamkia Wavinya kwa huruma, akamuuliza hali ya mama.

“Mzee,” Kitheka alianza, “nisaidie jambo dogo. Jumamosi mliomba kabla ya kuzima.”

“Tuliomba.” Njau alitabasamu. “Simeon akianza kuomba unaweza kupika githeri ikaiva.”

“Mlishikana mikono?”

“Kama kawaida.”

“Wewe ulimshika nani?”

“Wavinya kwa huku.” Aliinua mkono wa kulia, kisha wa kushoto. “Na Simeon kwa huku.”

“Kiganja kwa kiganja?”

“Kiganja kwa kiganja. Huyu shemasi akipandwa na roho hubana vidole mpaka uchungu.”

“Na Jumamosi alikubana?”

“Alinibana sana.”

Kitheka alimtazama Simeon, na Simeon akavuta sweta na kufungua kiganja juu ya meza. Njau aliyaangalia yale malengelenge kwa muda mrefu, akiyasoma kama mtu anayesoma lugha ngeni.

“Hii ni ya lini?” aliuliza hatimaye.

“Jumamosi, kabla nije kazini,” Simeon alisema kwa sauti ya majonzi. “Hata kikombe sikuweza kushika, Mzee. Sikukushika.”

Kitheka aliendelea bila haraka. Kila mwenye macho yaliyofumbwa siku hiyo alijua kwa ngozi yake nani alimshika na nani hakumshika. Wavinya alijua, Awiti alijua, Simeon alijua na akasema, ingawa ukweli huo ulimweka yeye mwenyewe hatarini. Ni mmoja tu ambaye hakuwa na habari ya mkono aliopaswa kuushika, kwa sababu akili yake na macho yake na mkono wake wa kushoto, ule ambao viboko havikuubadilisha, vilikuwa kwenye kibodi. Amri ni mstari mmoja. Maombi ya Simeon yangetosha mistari kumi. Kisha akasafisha skrini, akasema amina. Na mtu aliyeandika amri hiyo ndiye angejua pa kwenda moja kwa moja kumwamsha Hospitali kwa robo saa, baada ya kumzuia msichana asimwamshe mwenyewe.

Njau hakubisha. Alivua miwani akaishika, na alipoanza kusema hakumtazama polisi. Alikusudia kumwachilia Simeon kwa kujifanya anakohoa. Mkono wa Simeon ulipokosekana, aliona ni bahati, hakujiuliza zaidi. Hakutaka mtu aumie. Alitaka saa mbili tu za fujo, Wavinya apoteze mwelekeo, naye aingie amwinue Hospitali, ili wale wa Nairobi waone kwamba mzee bado anahitajika. Hakujua habari ya upasuaji. Hakufikiri kwamba hospitali ingeita polisi. Walipoita, na keki ikaja, kila asante aliyopewa ilimfunga mdomo zaidi.

“Miaka kumi na tisa,” alisema. “Halafu unaambiwa kwa simu, wakati unakula chakula cha mchana, kwamba utapumzika. Na anayekuja ni huyu niliyemfundisha mimi mwenyewe hata kushika bisibisi.”

“Kisha ukamshauri akubali kosa,” Kitheka alisema. Hapo hasira ilimpanda kwa mara ya kwanza, na hakuificha. “Mtoto huyu alianza kuamini kwamba vidole vyake vimerogwa. Kuna jambo mkurugenzi hakukwambia, nitakwambia mimi. Wavinya alipopewa kazi yako aliikataa. Alisema hataichukua mpaka waahidi utabaki hapa kama mshauri wake. Wakaahidi. Ungekuwa kwenye kiti hiki Januari, na Januari ingine.”

Njau aligeuka kumtazama Wavinya ili aone kama ni kweli. Wavinya aliangalia mkoba wake, na hilo lilitosha. Mzee akarudisha miwani usoni, lakini vidole havikuweza kulipata sikio.

Kitheka alitoka kibarazani kupiga simu kituoni. Shauri la Jumanne likafutwa. Aliporudi alimwita Wavinya pembeni na kumwambia lile alilolibeba tangu asubuhi: kwamba miaka miwili iliyopita mashine ile ilimtaja jina na kuzuia sindano, na kwamba yuko hai, ana watoto watatu na anaudhi watu kwa shukrani, kwa sababu kuna mtu aliyehakikisha haizimiki. Alisema asante. Hakuwahi kuisema kwa uzito kama huo.

Wavinya alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaanza kulia, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi bila aibu, na Simeon akampa kitambaa kwa mkono wake mzima.

Gari la polisi lilipofika, Kitheka hakumfunga Njau pingu. Mzee alipanga kalamu zake mezani, akazima kompyuta yake, akavaa koti. Alipofika mlangoni alisimama mbele ya Wavinya. Ilionekana alikuwa ametafuta maneno ya kuomba msamaha na hayakumjia, kwa hiyo alisema yale aliyoyazoea.

“Ile bodi ya akiba niliirudisha pembeni Jumamosi, bado haijaingia kwa Hospitali. Ukiiingiza, umzime kabisa kwanza. Usimwashe tu upya, hatasogea. Na uangalie feni ya tatu, ina mlio.”

Wavinya alijua yote hayo. Aliyajua kwa miaka minane, na aliyajua hata hiyo Jumamosi.

“Nitaangalia,” alisema. “Asante, mwalimu.”

Njau alikuwa amekiri mbele ya watu wanne bila kutoa chozi. Sasa aliushika mwimo wa mlango kwa mikono yote miwili, akainama, na ilibidi Kitheka angoje kwa muda kabla ya kuweza kuondoka naye.